Mieleka ya Japani: kwa nini hasimu wa jana ndiye mwenza wa leo

Hiroshi Tanahashi, nyota wa mieleka ya Japani, alipotangaza, Oktoba 2024, kwamba pambano lake la mwisho litakuwa tarehe 4 Januari 2026 katika ukumbi wa Tokyo Dome, mashabiki walianza kubashiri ataagana na ulingo mbele ya nani. Aliyepangwa ni Kazuchika Okada. Kwa aliyefuatilia miaka mingi, hapakuwa na jina jingine lenye uzito huo. Kwa mtazamaji mgeni, hesabu ilikataa. Okada ndiye aliyemvua Tanahashi ubingwa mwaka 2012, ukaanza uhasama wa miaka na miaka. Lakini mwaka 2023 walisimama kona moja, wakishika pamoja na Tomohiro Ishii mikanda ya ubingwa wa timu za watu watatu. Februari 2024 wakapigana tena Osaka, kisha Okada akahamia Marekani. Sasa hawa ni maadui au ni wenza?

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua mieleka kupitia WWE ya Marekani, na Wajapani tunaowafahamu ni wale waliohamia huko, kama Shinsuke Nakamura na Asuka. Ukiingia mieleka ya Japani kwenyewe na mazoea hayo, unapotea haraka. Kambi zinavunjika na kuungana. Mtu aliyezomewa mwaka jana anaimbwa jina mwaka huu. Kijana anamgeuka mkubwa wake na ukumbi mzima unamshangilia. Unaweza kudhani waandaaji wanabadilisha mambo wanavyojisikia.

Hawajisikii tu. Pana kanuni, na ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: karibu kila ugomvi na karibu kila ushirika katika mieleka ya Japani unahusu zamu. Nani alitangulia, nani anafuata, na nani amechoka kungoja.

Maneno machache kabla ya majina

Tuanze na lile ambalo mashabiki wengine hawapendi kulisikia: matokeo ya mapambano hupangwa. Ofisini yuko mtu, au watu wachache, ambao kazi yao ni kuamua nani atashinda, lini, na kwa njia gani. Tumwite mpangaji. Wanamieleka wanajua mwisho kabla kengele haijalia. Kinachobaki mikononi mwao ni namna ya kufika huko, na namna hiyo inalipwa kwa mwili, jambo nitakalolirudia.

Kampuni ni mwajiri. Japani ina nyingi, lakini tatu ndizo zinazobeba historia hii. New Japan Pro-Wrestling ilianzishwa na Antonio Inoki mwaka 1972. All Japan Pro Wrestling ilianzishwa na Giant Baba mwaka huohuo. Pro Wrestling NOAH ilizaliwa mwaka 2000, na sababu ya kuzaliwa kwake ni sehemu ya makala haya.

Kambi ni kundi la wanamieleka ndani ya kampuni moja, lenye jina, rangi na kiongozi. Watu wa kambi moja wanasaidiana, wa kambi tofauti wanapigana, ingawa wote mshahara wao unatoka ofisi moja. Na kizazi, katika mazungumzo haya, ni watu walioingia kazini miaka iliyokaribiana. Umri wa kuzaliwa unakuja baadaye.

Kuhusu steringi na adui tuliowazoea kwenye filamu: wapo Japani pia, lakini mpaka wao una tundu nyingi. Shabiki wa Japani anaweza kumzomea mtu kwa miezi halafu akampigia makofi usiku mmoja kwa sababu alipigana vizuri. Ndiyo maana kuuliza "nani mbaya hapa?" hakukufikishi mbali.

Mfumo unaoanzia kwenye kufagia

Kampuni kubwa za Japani zina dojo, yaani ukumbi wa mafunzo ambao vijana huishi humohumo. New Japan huwaita simba wachanga. Wanapika, wanafua, wanasafisha, wanabeba mizigo ya wakubwa, na usiku wanapanda ulingoni na kaptura nyeusi isiyo na pambo, wakiruhusiwa mbinu chache tu za msingi. Wanapoteza karibu kila pambano. Baadaye hutumwa ng'ambo, mara nyingi Marekani, Meksiko au Uingereza, na hurudi na jina, vazi na tabia mpya. Kurudi huko ndiko hodi ya kwanza mlangoni mwa wakubwa.

Ifikirie gereji. Kijana anakuja kujifunza ufundi. Miezi ya mwanzo anafagia, anaosha vyuma kwa mafuta ya taa, anatumwa chai. Spana akiishika ni ya kumkabidhi fundi. Anayemtuma anaweza kuwa mdogo wake kwa kuzaliwa, lakini alitangulia kuingia gerejini, basi ndiye mkubwa. Miaka inapita, mikono inakomaa, wateja wanaanza kumuulizia yeye kwa jina. Hapo ana njia tatu: asubiri fundi mkuu achoke, ashindane naye waziwazi kwa kazi, au avuke barabara akafungue gereji yake. Kila njia ina gharama zake, na kila simulizi kubwa ya mieleka ya Japani inapita katika mojawapo.

Baba na Inoki wenyewe walianzia hapo. Wote walikuwa wanafunzi wa Rikidozan, mwana wa Korea aliyeipandisha mieleka ya Japani katika miaka ya 1950 kupitia televisheni. Walipanda ulingoni kwa mara ya kwanza siku moja, tarehe 30 Septemba 1960. Rikidozan alifariki Desemba 1963 baada ya kuchomwa kisu katika klabu ya usiku jijini Tokyo, na hakumwachia yeyote zamu iliyo wazi. Waliotoka dojo moja wakaishia na kampuni mbili, na hawakupigana tena ana kwa ana. Usiku mmoja tu, tarehe 26 Agosti 1979 katika Nippon Budokan, walisimama pamoja kama timu dhidi ya Abdullah the Butcher na Tiger Jeet Singh.

Aliyechoka kutajwa wa pili

Ukitaka kujua ni lini ugomvi wa vizazi ulipata sura tunayoijua leo, anza na tarehe 8 Oktoba 1982, Korakuen Hall, Tokyo. Inoki, Tatsumi Fujinami na Riki Choshu walikuwa timu moja dhidi ya wageni. Choshu alikuwa ametoka Meksiko. Badala ya kupambana na wapinzani, akageukia mwenzake Fujinami, wakaanza kusukumana na kupigana.

Ili uone uzito wake, tazama mpangilio. Choshu alizaliwa mwaka 1951, alishiriki Olimpiki ya Munich 1972 akiiwakilisha Korea Kusini, na aliingia kwenye mieleka ya kulipwa akiwa mwanamichezo kamili. Fujinami alizaliwa mwaka 1953, lakini alianza kazi hii akiwa kijana mdogo, kabla ya New Japan haijakuwepo. Kwa hiyo aliyezaliwa baadaye ndiye aliyekuwa mkubwa. Jina lake lilitangulia, zamu yake ilitangulia, na Choshu alikuwa pale ili Fujinami aonekane. Alichodai usiku ule ni kwamba hamzidi kwa lolote, na hataendelea kuwa ngazi yake.

Watazamaji walimwelewa. Japani ya wakati ule ilikuwa imejaa wafanyakazi waliokaa kwenye kampuni zao wakingoja wakubwa wastaafu ili wapande daraja moja, na ghafla hapa yupo mtu aliyesema hadharani yale wao waliyoyameza. Kwa kanuni za kawaida aliyemgeuka mwenzake angekuwa adui. Yeye akawa nyota. Akakusanya kambi ya waasi, na mapambano yake na Fujinami yakaijaza New Japan kwa miaka miwili. Kisha akachukua njia ya tatu: mwishoni mwa mwaka 1984 alitoka na watu wake, akaenda kupambana All Japan, na mwaka 1987 akarudi.

Aliporudi likaja jambo ambalo wageni huliona kama kinyume cha akili. Mahasimu wawili, Choshu na Fujinami, wakaungana. Nao wakamvuta Akira Maeda, ambaye alikuwa na ugomvi wake mwingine kabisa. Wote watatu walikuwa na kitu kimoja: Inoki, aliyekuwa na umri wa miaka 44, bado alikaa juu yao. Agosti 1987 kizazi chao kilipambana na kizazi cha Inoki, watano kwa watano, katika Ryogoku Kokugikan, nyumba ya sumo. Upande wa wazee alikuwemo kijana Keiji Muto, ambaye kwa miaka ya kazi alikuwa mdogo kuliko wapinzani wote. Wengi walishangaa. Lakini kwa mtu mwenye zamu ya tatu, mzee wa zamu ya kwanza si kikwazo. Kikwazo ni wale wa zamu ya pili, walio mbele yake kabisa. Ukilishika hilo, nusu ya miungano ya mieleka ya Japani inajieleza yenyewe.

Umoja ule haukudumu. Tarehe 19 Novemba 1987, Korakuen Hall tena, Choshu akiwa amemkaba mtu mwingine na mikono yake haina nafasi ya kujikinga, Maeda alimpiga teke la uso lililomvunja mfupa wa jicho. Hilo halikuwa igizo. Maeda alisimamishwa, kisha akafukuzwa, na mwaka 1988 akaifufua kampuni ya UWF iliyojenga jina kwa mieleka inayofanana zaidi na mapigano ya kweli. Teke moja nje ya mpango likazaa kampuni, na kampuni hiyo ikabadilisha ladha ya watazamaji kwa miaka iliyofuata.

Kinyago kilichovuliwa

Sasa nije kwenye simulizi ambayo naiona kuwa bora kuliko zote za mchezo huu, popote duniani. Nitakaa hapa.

Mwaka 1990 All Japan ilikuwa ya Jumbo Tsuruta, naye mwana Olimpiki wa Munich 1972, mtu mkubwa wa mwili mwenye pumzi isiyoisha. Mpinzani wake wa juu alikuwa Genichiro Tenryu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huo Tenryu aliondoka kwenda SWS, kampuni mpya iliyofadhiliwa na wauza miwani, na wengine wakamfuata. Baba akabaki na bingwa asiye na mtu wa kupambana naye.

Aliyepatikana alikuwa ndani ya nyumba, amefichwa. Mitsuharu Misawa alikuwa akipambana kwa miaka kadhaa chini ya kinyago cha Tiger Mask, mhusika aliyekwisha kuchezwa na mtu mwingine kabla yake. Tarehe 14 Mei 1990, katikati ya pambano, alimwambia mwenzake Toshiaki Kawada amfungue kamba za kinyago, akakivua na kukirusha kwa watazamaji. Wiki tatu na siku chache baadaye, tarehe 8 Juni katika Nippon Budokan, alimshinda Tsuruta. Alikuwa na miaka 27, Tsuruta 39. Husimuliwa kwamba Baba aliamua matokeo hayo baada ya kusikia ukumbi ukiliimba jina la Misawa. Misawa alitoka ulingoni akilia.

Hapa ndipo mpangaji mwenye pupa angeharibu kila kitu kwa kumkabidhi Misawa kila kitu. Baba hakufanya hivyo. Septemba mwaka huohuo Tsuruta alimshinda Misawa. Aprili 1991 akamshinda tena, safari hii mkanda ukiwa mezani. Misawa na kambi yake ya vijana, Kawada na Kenta Kobashi wakiwemo, waliendelea kubisha kwa miaka miwili, wakishinda hapa na kuangushwa pale, dhidi ya kambi ya Tsuruta ambamo alikuwemo Akira Taue. Na zamu ilipofika haikufika kama ilivyotarajiwa. Tsuruta alikuwa na homa ya ini, na mwaka 1992 ugonjwa ulimwondoa kwenye mapambano makubwa. Mkanda Misawa aliuchukua Agosti 1992 kutoka kwa Mmarekani Stan Hansen. Pambano la kumvua Tsuruta ubingwa halikufanyika kamwe. Tsuruta alifariki Mei 2000 huko Manila, kutokana na matatizo ya upasuaji wa kupandikizwa ini.

Mkubwa alipoondoka, walioungana dhidi yake wakakosa sababu ya kuwa pamoja. Kawada alikuwa amesoma shule moja ya sekondari na Misawa, mwaka mmoja nyuma yake, kwenye timu ya mieleka. Yeye ndiye aliyefungua kamba za kinyago. Mwaka 1993 akahama upande, akaungana na Taue, mtu aliyekuwa amepigana naye kwa chuki kali miaka miwili kabla. Mashabiki wapya wakisikia hili huuliza Taue alimfanyia nini Misawa. Hakumfanyia lolote. Kawada alikuwa na mtu mmoja tu mbele yake, yaani Misawa, na asingeweza kumshinda huku amesimama kona moja naye.

Tarehe 3 Juni 1994 Misawa alimshinda Kawada katika pambano linalotajwa hadi leo miongoni mwa bora zaidi kupata kupiganwa. Tarehe 9 Juni 1995, timu kwa timu, Kawada na Taue dhidi ya Misawa na Kobashi, Kawada alimbana Misawa mabega chini hesabu ya tatu kwa mara ya kwanza. Lakini ubingwa wenyewe alimvua akiwa peke yake tarehe 1 Mei 1998, Tokyo Dome, miaka mitano na zaidi tangu ampiganie Misawa kwa ubingwa huo mara ya kwanza. Hebu fikiria shabiki aliyenunua tiketi mwaka 1992 akasubiri hadi 1998. Hakuna usaliti wa ghafla wala mgeni wa kushangaza unaoweza kutoa furaha ya namna ile.

Mwisho wake uliandikwa nje ya ulingo. Baba alifariki Januari 1999. Misawa akawa rais wa kampuni, hakuelewana na mjane wa Baba aliyekuwa na hisa, na Juni 2000 akaondoka na karibu wanamieleka wote kwenda kuanzisha NOAH. Kobashi na Taue walimfuata. Wajapani wawili pekee wenye jina waliobaki ni Masanobu Fuchi na Kawada. Yaani hata pale kampuni ilipopasuka kweli, bila mpangaji yeyote, Kawada alijikuta tena upande wa pili wa Misawa.

Zamu yenye tarehe ya mwisho

Wanawake waliishi kanuni hiihii kwa kasi ya kutisha. Kampuni ya All Japan Women's ilikuwa na desturi ya kuwastaafisha wapambanaji wake wakiwa na miaka kama 25. Kizazi kizima kilikuwa na miaka mitano au sita ya kung'ara, kisha mlango. Chigusa Nagayo na Dump Matsumoto waliingia pamoja mwaka 1980. Mmoja akawa kipenzi cha wasichana wa shule nchi nzima, mwingine akawa adui aliyechukiwa hadi mitaani. Tarehe 28 Agosti 1985, Osaka, walipambana kwa sharti la aliyeshindwa kunyolewa. Nagayo alishindwa, akanyolewa palepale, na ukumbi uliojaa wasichana ukalia kwa sauti. Kufikia 1989 wote wawili walikuwa wamestaafu. Nagayo hakukubali iwe mwisho: alirudi, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, GAEA Japan, iliyofanya onyesho lake la kwanza mwaka 1995. Njia ya tatu, tena.

Kambi za leo zinafanya kazi gani

Iko sababu nyingine ya kambi, ya kibiashara kabisa, ambayo ikieleweka mambo mengi yanakaa sawa. New Japan hufanya maonyesho zaidi ya 100 kwa mwaka, ikizunguka mji hadi mji. Ukiwapambanisha Tanahashi na Okada kila usiku, baada ya wiki hakuna wa kulipa kiingilio. Kwa hiyo kwenye kumbi ndogo wanapambana watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, wahasimu wawili wakigusana kwa dakika chache tu, wakichokozana, wakiachana. Pambano lao wenyewe linatunzwa kwa ukumbi mkubwa. Bila kambi huwezi kupanga timu hizo. Na kambi ikikaa miaka mingi bila kubadilika, mapambano yanakuwa yaleyale, ndiyo maana kila baada ya muda lazima mtu ahame.

Swali ni nani ahame, na hapo zamu inarudi kazini. Januari 2012 Okada alirejea kutoka Marekani akiwa na nywele za dhahabu na majivuno, akamwita Tanahashi kwa ajili ya mkanda. Alizomewa. Tanahashi alikuwa ameutetea ubingwa mara 11, rekodi ya wakati ule, na ndiye aliyeibeba New Japan katika miaka yake mibaya. Tarehe 12 Februari 2012, Osaka, kijana wa miaka 24 akamshinda. Tanahashi aliurudisha mkanda mwaka huohuo, wakaendelea kunyang'anyana, hadi Januari 2016 Okada alipomshinda Tokyo Dome na zamu ikahama kweli.

Baada ya hapo wangegombania nini? Walipoungana mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya Jay White, mwenzake wa kambi, kumgeuka Okada, haikuwa kwamba mpangaji amesahau historia. Suala kati yao lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mzee hakuwa tena kizuizi kwa Okada, na Okada mwenyewe sasa alikuwa na vijana na wageni wanaokuja nyuma yake.

Kambi ya Bullet Club, iliyoanzishwa Mei 2013 na Prince Devitt wa Ireland, inaonyesha upande mwingine. Ilikuwa ya wageni, watu ambao hawakuwa na nafasi kwenye mfululizo wa dojo hata wangekaa miaka mingapi. Kwao usaliti ulikuwa desturi ya ndani: kiongozi hupinduliwa na anayefuata kuchukua kiti. Mwaka 2014 Devitt alifuatwa na AJ Styles, na Januari 2016 Styles akafuatwa na Kenny Omega. Mjapani alipohamia huko, kama mpambanaji aitwaye EVIL alipomgeuka kiongozi wa kambi yake, Tetsuya Naito, Julai 2020, ujumbe ulikuwa kwamba ameikataa zamu yenyewe. Siku iliyofuata alimvua Naito mikanda yote miwili ya ubingwa aliyokuwa nayo. Alichukua mkato, na watazamaji walimchukia kwa hilo zaidi ya kwa mapigo yoyote haramu.

Mambo yanayosemwa na si kweli

La kwanza ni lile la "mambo yenyewe ya uongo, hawaumii". Mwisho umepangwa, sakafu haijapangwa. Aprili 2017 Katsuyori Shibata alimpiga Okada kichwa kwa kichwa, akavumilia maumivu hadi mwisho wa pambano, kisha akafanyiwa upasuaji kwa damu iliyovujia kichwani. Mei mwaka huohuo Yoshihiro Takayama aliumia shingo akapooza. Na Misawa, yuleyule wa kinyago, alifia Hiroshima tarehe 13 Juni 2009 baada ya kurushwa na kuangukia shingo na mabega, kama alivyorushwa mara elfu kabla. Alikuwa na miaka 46, rais wa kampuni, mwili umechakaa, bado anapanda ulingoni kwa sababu jina lake ndilo lililouza tiketi. Ninapoandika juu ya zamu ninajua kwamba kuna waliochelewa kuiachia na wakalipa kwa uhai wao.

La pili ni kwamba mieleka ya Japani ni mchezo halisi na ya Marekani ndiyo igizo. Zote hupangwa. Tofauti ni kile kinachowekwa mbele: Japani huuza zaidi pambano lenyewe na historia ya waliomo, na huchapisha matokeo kama matokeo ya michezo mingine.

La tatu ni kwamba mzee lazima amshinde kijana ili aheshimike. Ni kinyume. Heshima ya mzee hupimwa kwa namna anavyoshindwa, na kwa nani. Muto alipostaafu tarehe 21 Februari 2023 Tokyo Dome, mpinzani wake rasmi alikuwa Naito, aliyekua akimshabikia tangu utotoni, na Naito akashinda. Kisha Muto, magoti yake yakiwa ya chuma, akamwita Masahiro Chono kutoka meza ya watangazaji. Hao wawili walikuwa wamepambana usiku wao wa kwanza kabisa kazini, mwaka 1984. Chono akavua miwani, akapanda, akamkaba, na Muto akasalimu amri. Kwanza alimlipa anayekuja nyuma, ndipo akamlipa aliyeingia naye.

Mpangaji hapangi peke yake

Lililobaki ni la watazamaji, na wengi hulisahau. Mpangaji anaweza kutangaza kwamba zamu ya fulani imefika, na ukumbi ukakataa. Mwaka 2013 Naito aliandaliwa kuwa kipenzi kipya wa New Japan. Alishinda mashindano ya G1 Climax na kupata pambano la ubingwa dhidi ya Okada kwa ajili ya tarehe 4 Januari 2014. Kampuni ikapiga kura ya mashabiki: lipi liwe pambano la mwisho usiku huo? Mashabiki wakachagua la Nakamura na Tanahashi, lililokuwa la mkanda mdogo. Naito akapambana mapema, akashindwa, na zomeazomea ikamfuata miezi kadhaa. Mwaka 2015 alikwenda Meksiko, akajiunga na kundi la watukutu wasiojali kupendwa, akarudi na kambi yake ya Los Ingobernables de Japón, akitembea taratibu na kutupa mkanda hewani kana kwamba hauna thamani. Hakuwaomba tena wampende, ndipo wakampenda. Januari 2020 alimshinda Okada Tokyo Dome katika pambano la mwisho la usiku, miaka sita baada ya kunyimwa nafasi hiyo.

Ndiyo maana mwaka 2025 macho yalikuwa kwa Shota Umino. Ni mtoto wa mwamuzi maarufu wa New Japan, Red Shoes Unno, ametoka dojo, amepelekwa Uingereza, na amerudi akitajwa pamoja na Yota Tsuji na Ren Narita kama kizazi kitakachorithi. Tarehe 4 Januari 2025 aliwekwa kwenye pambano la mwisho la Tokyo Dome dhidi ya bingwa Zack Sabre Jr. Alishindwa, na hata kabla ya hapo sehemu ya watazamaji ilishaanza kumpa mgongo, ikimwona kama aliyepewa badala ya kustahili. Narita yeye hakungoja kuambiwa. Mwishoni mwa 2023 alihamia kundi la EVIL. Tsuji alishangiliwa. Umino aliendelea kuingia kupitia katikati ya mashabiki, akiwagusa mikono, na baadhi yao hawakuinyoosha.